Picha Isiyo na Pacha

Katika nyumba nyingi mna picha moja ambayo mama hakubali itoke sandukuni asipokuwapo yeye mwenyewe. Pengine ni picha ya harusi, pengine ya mtoto aliyefariki, pengine ya babu aliyesimama mbele ya nyumba yake, kofia mkononi. Mgeni akiomba kuitazama, hupewa kwa mikono miwili, naye huambiwa: «Ishike pembeni, usiguse uso.» Uangalifu huo watoka wapi? Watoka katika jambo hili, kwamba picha hiyo haina ya pili. Ikiraruka, imekwisha.

Leo twataka kuwasimulia habari za picha ambazo zote ni za namna hiyo tangu kuzaliwa kwake. Ni zile picha za papo hapo, zinazotoka ndani ya kamera yenyewe, pasipo chumba cha giza na pasipo kungoja siku tatu kwa fundi. Kila moja huzaliwa peke yake, haina pacha. Filamu zake zilipendwa mno na watu wa kila nchi, kisha viwanda vikaacha kuzitengeneza: kwanza mwaka 2008, halafu tena mwaka 2016. Wapiga picha walipopata habari, wengine walilia, wengine walinunua akiba, na wengine wachache walikunja mikono ya shati wakaingia kazini. Waliyoyatenda yafaa yajulikane, maana yatuhusu hata sisi tusio na kamera.

SWALI LA MTOTO

Mwaka 1943, mvumbuzi mmoja wa Marekani, jina lake Edwin Land, alikuwa mapumzikoni na jamaa yake katika mji wa Santa Fe. Alimpiga picha binti yake, mtoto wa miaka 3. Mtoto, kama watoto wote, alitaka kuiona mara moja, akamwuliza baba yake kwa nini haiwezekani. Baba wengi wangalijibu, «Nyamaza, ngoja.» Land hakujibu hivyo. Alitoka kwenda kutembea peke yake mjini, akilizungusha swali lile kichwani, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya saa moja kupita alikwisha kuona, kwa akili, namna kamera, filamu na dawa zitakavyofanya kazi pamoja.

Lakini kutoka kichwani hata dukani ni safari ndefu. Tarehe 21 Februari 1947 aliwaonyesha wataalamu katika mji wa New York picha iliyokamilika mbele ya macho yao. Tarehe 26 Novemba 1948 kamera ya kwanza ya kampuni yake, iitwayo Polaroid, iliuzwa katika duka kubwa la mji wa Boston kwa dola 89 na senti 75, bei isiyo ndogo siku zile. Zote zilizoletwa dukani zilikwisha siku ile ile. Picha za kwanza zilikuwa na rangi ya kahawia. Za rangi zote zilifuata mwaka 1963.

Huenda mwanafunzi akauliza: picha hujitengenezaje bila chumba cha giza? Tumjibu kwa kifupi. Ndani ya filamu hiyo mna karatasi mbili. Ya kwanza imepakwa chumvi za fedha, madini yale yale ya pete na vikuku, nayo hupokea nuru. Ya pili haijui nuru. Kazi yake ni kupokea picha. Ukingoni mmebandikwa kifuko kidogo kilichojaa dawa nzito kama uji. Mpiga picha avutapo filamu, hupita katikati ya magurudumu mawili membamba ya chuma, kifuko kikapasuka, na uji ule ukatandazwa sawasawa katikati ya karatasi mbili. Fedha iliyopigwa na nuru hukaa mahali pake. Ile isiyopigwa huyeyuka, ikahamia karatasi ya pili, nayo huko hugeuka kuwa weusi wa picha. Basi chumba cha giza hakikuondolewa. Kilifanywa kuwa chembamba kama karatasi.

Filamu hizo ni za jamaa mbili, na mwenye kufuata habari hii hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni filamu ya kubandua: wavuta, wangoja kwa saa mkononi, kisha wazitenga karatasi mbili kama mtu amenyaye ndizi, na picha i tayari, bado ina unyevu. Ya pili ni filamu ya kadi moja, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 pamoja na kamera iitwayo SX-70. Hiyo haibanduliwi. Yatoka kamerani ikiwa imefungwa pande zote, ukingo wake mweupe chini, na picha yafufuka polepole machoni pa watu wanaoizunguka.

WALIOIPENDA

Mtu asifikiri kwamba hiki kilikuwa kitu cha mchezo tu. Wapiga picha wa kazi, kabla ya kutumia filamu yao ya gharama, walipiga kwanza moja ya papo hapo ili waone kama taa zimekaa vema. Wapiga picha wa vitambulisho na pasipoti, katika nchi nyingi na katika Afrika pia, walikuwa na kamera ya lenzi nne iliyotoa nyuso nne katika karatasi moja. Mteja alikaa kitini, akasimama, akaondoka na picha zake. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa milima ya Marekani, alikuwa mshauri wa kampuni ya Land kwa miaka mingi. Picha yake moja ya mwaka 1968 ya jabali la El Capitan wakati wa baridi, jua likichomoza, aliipiga kwa filamu ya Polaroid iliyoitwa Type 55. Filamu hiyo ilikuwa na fadhili ya pekee: iliacha picha na negativu yake pia. Na Walker Evans, aliyejulikana ulimwenguni kwa picha zake za wakulima maskini wa Marekani, alipokuwa mzee na afya yake imepungua alishika SX-70 katika miaka ya 1973 na 1974, akapiga nayo maelfu ya picha za nyuso, mabango na herufi za njiani.

Lakini atakayetusaidia kuelewa mapenzi hayo kuliko wote ni mwanamke mmoja wa mji wa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts. Jina lake Elsa Dorfman, aliyezaliwa mwaka 1937. Mwaka 1976 kampuni ya Polaroid ilikuwa imeunda kamera ya ajabu, kubwa kama kabati, yenye uzito wa kilo zaidi ya 100, iliyotoa picha ya papo hapo yenye sentimeta 51 kwa 61. Kamera za namna hiyo zilikuwa chache sana. Dorfman aliijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1980, na tangu hapo hakutaka nyingine. Mwishowe alikodisha moja akaiweka katika karakana yake.

Hakutafuta wafalme wala nyota wa sinema, ingawa rafiki zake washairi walipita mbele ya kamera ile. Aliita jamaa za watu: baba, mama, watoto, nyanya, hata mbwa wa nyumbani. Waliingia wamevaa nguo zao wenyewe, wakasimama mbele ya ukuta mweupe. Alipiga picha mbili tu. Jamaa walichagua moja wakaichukua; ile ya pili, waliyoikataa, aliibakiza yeye. Chini ya kila picha aliandika kwa wino majina na siku. Kwa miaka zaidi ya 30 alikusanya zile zilizokataliwa, naye akaziona mara nyingi kuwa nzuri kuliko zilizochaguliwa, maana watu humo walikuwa wamesahau kujipanga. Sinema iliyotengenezwa juu ya maisha yake, mwaka 2016, ilichukua jina lake katika hizo picha zilizobaki.

Angalieni basi kazi ya mama huyu ilivyokuwa imesimama. Kamera alikuwa nayo. Ufundi alikuwa nao. Wateja walikuwapo. Kilichokosekana mkononi mwake kilikuwa kimoja tu: filamu. Hiyo ilitoka kwa mwingine.

GHALA MOJA

Wazee wetu walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kamera ya papo hapo ni kama kinu kisichotwanga ila nafaka ya shamba moja. Shamba hilo likifungwa, kinu chabaki pambo la nyumba.

Kampuni ya Polaroid ilianza kuyumba wakati kamera za dijitali zilipoenea. Zile hazikuhitaji filamu wala dawa, na picha yake yaonekana mara moja tena bure. Swali la yule mtoto wa Santa Fe likapata jibu la pili, la bei rahisi kuliko la baba yake. Land mwenyewe hakuliona jambo hilo, maana alifariki mwaka 1991. Mwezi wa Oktoba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Na mwezi wa Februari 2008 ilitangazwa kwamba filamu zote za papo hapo za Polaroid zitakoma, na viwanda vyake vya Marekani, Meksiko na Uholanzi vitafungwa.

Tuseme haki: kiwanda hakiendeshwi kwa machozi ya wapenzi. Wafanya kazi hudai mishahara, mashine hudai mafuta, na filamu isiyonunuliwa ni hasara. Wapiga picha wa studio walikuwa wamekwisha kuhamia dijitali. Hatuwezi kuwaita wakatili wenye kuyahesabu hayo. Lakini twaweza kuuliza: mlango unapofungwa, ufunguo hutupwa wapi?

AKIBA HAIOZI?

Wengi waliposikia habari waliyafanya yale ambayo kila mtu angeyafanya. Walikwenda madukani wakanunua. Aliyezoea pakiti mbili alinunua 20. Aliyezoea 20 alijaza jokofu mpaka mkewe akakosa mahali pa kuweka maziwa. Bei ikapanda. Walioweka filamu si kwa kupiga picha bali kwa kuuza walifurahi; wanafunzi wa ufundi, wenye mifuko myepesi, walirudi mikono mitupu.

Tumezoea kusema kwamba akiba haiozi, na methali hiyo ni ya kweli kwa mahindi yaliyokauka vema na kwa fedha iliyotunzwa. Kwa filamu ya papo hapo si kweli. Ule uji ndani ya kifuko hukauka. Rangi hugeuka, weupe ukawa njano, pembe zikabaki tupu kwa sababu dawa haikufika. Jokofu huchelewesha tu kifo chake, halikizuii. Hata Dorfman aliishi kwa akiba: wenzake walionunua masalio ya ile filamu kubwa waliendelea kumpatia, lakini kila mwaka ilikuwa chache zaidi na dhaifu zaidi. Mwishowe aliiaga kazi yake. Hakuichoka, bali chakula cha kamera kilikuwa kikiisha. Alifariki mwezi wa Mei 2020.

Aliyekuwa na pakiti ya mwisho alipata pia jaribu lingine ambalo wapiga picha wengi walilijua. Ampige nani? Akisubiri siku kubwa, filamu yaharibika. Akipiga leo, kesho hana. Wengine waliweka pakiti ile miaka na miaka wakingoja uso unaostahili, na walipoifungua haikutoa chochote ila ukungu. Kumbe aliyempiga jirani yake siku ile ile ya habari mbaya alikuwa na hekima kuliko wao, kwa sababu jirani yake sasa ana picha.

WATU KUMI WA ENSCHEDE

Twaja sasa kwa wale wa namna ya tatu. Katika mji wa Enschede, nchini Uholanzi, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza filamu ya kadi moja. Mwezi wa Juni 2008 watu walikutana hapo kukiaga. Miongoni mwao alikuwa Florian Kaps, mtu wa Vienna katika Austria, mpenzi na mwuzaji wa filamu hizo, na André Bosman, aliyekuwa mkuu wa utengenezaji kiwandani humo. Mashine zilikuwa karibu kuvunjwa ziuzwe kama vyuma vikuukuu. Wawili hao, pamoja na mwenzao Marwan Saba, walitafuta fedha, wakazinunua mashine kwa dola zaidi ya milioni 3, wakakodi jengo, na kuwaita kazini wazee 10 waliokuwa wafanya kazi wa kiwanda kile. Shirika lao waliliita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya «jambo lisilowezekana».

Kwa nini wazee 10? Hapa ndipo ulipo moyo wa habari yetu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashine yaweza kununuliwa. Lakini mashine haijui mlio wake mwenyewe unapokuwa mbaya. Ni yule aliyesimama kando yake miaka 20 au 30 ajuaye kwamba siku ya mvua uji hutandazwa vibaya, kwamba gurudumu hili lataka kukazwa nusu zamu tu. Mambo hayo hayakuwa katika kitabu. Yalikuwa katika mikono. Kama wazee wale wangalitawanyika mwaka mmoja tu, mwingine kupata kazi mbali, mwingine kustaafu, mwingine kufa, mashine zingalibaki kama ngoma bila mpigaji.

Hata hivyo kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Dawa nyingine na karatasi nyingine zilizohitajika hazikutengenezwa tena popote. Ikawabidi watunge mapishi mapya, kama mpishi aambiwaye apike wali wa nazi pasipo nazi. Mwezi wa Machi 2010 walitoa filamu yao ya kwanza, nyeusi na nyeupe. Tusiifiche kweli: ilikuwa na kasoro nyingi. Picha haikuweza kutazamwa ikitoka, kwa maana nuru iliiharibu. Wapiga picha waliipokea chini ya kitambaa cheusi au ndani ya boksi la karatasi ngumu lililobandikwa kwenye kamera. Mahali penye unyevu picha ilichipua ndani yake vipande kama vya chumvi vilivyoula uso wa mtu. Pakiti ilikuwa na picha 8 badala ya 10 za zamani, na bei haikuwa ndogo.

Na wapiga picha? Walinung'unika, lakini walinunua. Walikausha picha zao katika sanduku kavu, wakaandikiana namna ya kuzifunika, wakarudisha habari kiwandani: hii imefifia, hii imechelewa, hii imekuwa nyekundu. Tuyatazame haya vizuri. Kabla ya mwaka 2008 walikuwa wanunuzi. Baada yake walikuwa wasaidizi wa kazi, na subira yao ndiyo iliyolipa mishahara ya wale wazee wakati filamu haijawa nzuri. Mwaka hata mwaka ikawa bora. Mwaka 2017 jina la Polaroid lenyewe liliingia mikononi mwa wenye shirika lile. Mwaka 2020 kiwanda kilirudi kuitwa Polaroid waziwazi. Mtoto aliyekusudiwa kuzikwa amelirithi jina la baba yake.

MARA YA PILI

Ingekuwa vizuri kuishia hapo, lakini habari haikuishia hapo, na yafaa tuseme yote. Filamu ya kubandua haikuwa na Enschede yake. Baada ya mwaka 2008 ilibaki kutengenezwa kwa wingi na kampuni moja tu, Fujifilm ya Japani. Nyeusi na nyeupe yao ya nuru hafifu, FP-3000B, ilitangazwa kukoma mwaka 2013. Ya rangi, FP-100C, ilitangazwa kukoma mwezi wa Februari 2016. Hiyo ndiyo iliyokuwa pumzi ya mwisho ya kamera nyingi mno za zamani, zile za kukunjwa zilizokuwa bado nzima kabisa.

FP-100C ilikuwa na jambo moja la kupendeza. Picha ilipobanduliwa, watu walitupa ile karatasi nyeusi iliyobaki. Lakini wapiga picha wenye udadisi waligundua kwamba ukiibandika juu ya kioo na kuosha mgongo wake mweusi kwa dawa ya kung'arishia nguo, kwa uangalifu, humo ndani mna negativu nzuri ya rangi. Yaani pacha alikuwapo! Alikuwa akitupwa katika takataka miaka yote hiyo.

Florian Kaps, mtu yule yule wa Enschede, alisafiri hata Japani kuwasihi wenye kiwanda wasizivunje mashine. Safari hii hakufaulu. Kampuni iliendelea na filamu yake nyingine ya kadi, iitwayo Instax, iliyoanza mwaka 1998 na kununuliwa sana na vijana. Ile ya kubandua ikaachwa. Mwaka 2019 Kaps na wenzake wa Vienna walianza kuchangisha fedha ili kutengeneza picha za kubandua moja moja, kwa mikono, kama mwanamke afumaye mkeka. Na huko Marekani kikundi kingine kilikuwa kimejaribu tangu mwaka 2014 kuifufua ile filamu ya Ansel Adams yenye negativu. Walichangiwa na wapenzi wengi, wakafanikiwa kuitoa filamu, lakini mwisho wa mwaka 2017 walifunga mlango. Elimu walikuwa nayo na bidii pia. Mashine kubwa na wanunuzi wa kutosha hawakuwa nao.

Basi tukilinganisha, twaona wazi. Enschede ilipona kwa sababu mambo manne yalikutana siku moja: mashine ilikuwa bado imesimama, wenye kuijua walikuwa hai na karibu, mtu alijitoa kuibeba hasara, na wanunuzi walikubali kitu kibovu mpaka kiwe chema. Pengine palipungua moja, na kazi haikusimama. Mapenzi peke yake, bila hayo, hujaza jokofu tu.

YANAYOTUHUSU

Msomaji wetu atasema: «Hayo ni mambo ya watu wenye fedha za kuchezea.» Tusiharakishe kusema hivyo. Fundi wa baiskeli apataye mipira ya gurudumu kutoka kiwanda kimoja tu yumo katika habari hii. Mshonaji ambaye cherehani yake yataka sindano ya namna moja yumo. Leo wengi wetu tuna picha zetu zote ndani ya simu, wala hatujui ziko mahali gani, wala nani aitengenezaye mashine ya kuzifungulia. Simu ikianguka majini, maharusi matatu na mazishi mawili yamezama pamoja nayo.

Kwenu wanafunzi twasema hivi: mkitumia kitu, ulizeni kimeundwaje. Mpate rafiki miongoni mwa mafundi wazee, na mandike wasemayo, hata likiwa dogo kama nusu zamu ya gurudumu. Enschede haikuokolewa na wale waliosema wanaipenda filamu kuliko wengine, bali na wale waliojua kuitengeneza, na wale waliowaheshimu kiasi cha kuwaita upya kazini.

Na kwenu wazazi twarudi kwa ile picha ya sandukuni. Msiweke picha ya papo hapo juani wala ukutani penye unyevu. Jua huila rangi, maji huipasua. Iwekeni katika bahasha ya karatasi safi, mahali pakavu penye baridi kidogo. Msiandike kwa kalamu ngumu mgongoni mwake, kwa maana alama hutokeza usoni. Andikeni juu ya bahasha.

Andikeni nini? Majina. Elsa Dorfman aliyaandika kwa wino chini ya kila picha, hata zile zilizokataliwa. Wale wazee 10 wa Uholanzi walikuwa na elimu ambayo haikuandikwa, nao waliitwa kwa wakati, kwa bahati. Nyumbani kwako yuko bibi ajuaye ni nani yule kijana wa pili kutoka kushoto, aliyeshika baiskeli na kucheka. Hakuna mwingine ajuaye. Jioni hii, kabla ya kulala, chukua bahasha na kalamu, uketi karibu naye, umwulize.